Simulia Kama Ulikuwepo

Siku hizi mtu akiniuliza asome riwaya gani, namwambia sijui. Wanaonifahamu tangu zamani wanadhani nimeanza kuringa, maana kwa miaka mingi hapa Troyeville, huku kusini kabisa mwa Afrika, mtu hakuweza kuniletea suruali nimpunguzie urefu akaondoka bila kitabu kwapani. Utake usitake, nilikupa.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kinatazama barabara, na nyuma ya cherehani nilikuwa na rafu yenye riwaya za Kiswahili, arobaini hivi. Nyingine hazikuwa na jalada. Zilikuja kwa basi ndani ya mabegi ya wafanyabiashara wa vitenge, niliowabembeleza waninunulie wakipita Dar es Salaam. Hapa mjini huzipati. Nenda kwenye maduka makubwa ya Randburg, utakuta vitabu vya kila rangi, na hakuna hata kimoja kinachosema na wewe kwa lugha ya kwenu. Kwa hiyo rafu yangu ilijulikana. Walinzi, wasusi, wauza nyanya, Wakongo, Warundi, Watanzania wenzangu, wote walipitia pale.

Nami nilijiona mjuzi, sitaficha. Nililichukia swali la "nipe kizuri." Kizuri kwa nani? Nguo niliyomkatia mnene haimkai mwembamba, na kitabu ni vilevile. Mlinzi anayeshinda getini kwa saa kumi na mbili nilimpa cha upelelezi, chembamba, kiingie kwenye mfuko wa koti. Mjane sikumpa cha mapenzi hata aombe vipi. Kijana aliyetoka kuachwa nilimpa cha vita, ili akasirikie mambo makubwa kuliko yake. Na wale wa kanisani waliotaka chenye mafundisho niliwapa chenye mzinzi ndani, wala sikuwahi kusikia malalamiko.

Malipo hayakuwepo. Sharti lilikuwa moja: ukikirudisha, unanisimulia. Na si kusimulia hivihivi, eti kulikuwa na mwanamke, akafanya hiki, akafanya kile. Nilitaka useme "mimi". Simulia kama ulikuwepo, niliwaambia, la sivyo najua umesoma ukurasa wa mwisho tu. Mimi nashona, wao wanasimulia. Mlinzi mmoja mwenye mabega ya kubebea jokofu alilia palepale juu ya kigoda changu, akiwa msichana wa miaka kumi na tano anayeozeshwa kwa nguvu. Tulimcheka mpaka nikajichoma kidole. Sharti lile nililibuni mwenyewe, na nililipenda kupita kiasi.

Mwaka juzi, baridi ya mwezi wa saba, alikuja dada mmoja Mrundi, msusi wa nywele aliyepanga chumba mtaa wa La Rochelle. Alileta gauni lililompwaya. Nilimpima kiuno, nikamwambia hii si kazi ya kupunguza gauni, ni kazi ya kwenda kula. Hakucheka. Akaniambia chakula hakipiti, kwa sababu ameitwa kuhojiwa kwenye ofisi ya wakimbizi. Kwa miaka sita walikuwa wanamwongezea muda tu pepa yake, kile kibali cha muda cha ukimbizi. Sasa wangemsikiliza na kuamua: wakimkubali anabaki, wakimkataa anarudishwa kule alikokimbia.

"Si utawaambia yaliyokupata," nikasema.

"Nashindwa, dada. Nikianza tu, mdomo unafunga."

Nikamwambia ajaribu kwangu. Alisimama mbele ya kioo, gauni limejaa pini, akasema: "Walikuja. Tulikimbia. Nikafika Tanzania. Kisha huku." Basi. Nikamuuliza alikimbia na nani. Akageuka akatazama rafu ya vitabu. Wasusi wenzake walikuwa wameshaninong'oneza kwamba aliwahi kuwa na mtoto, na kwamba habari za huyo mtoto haziulizwi.

Mwenye akili angempeleka kwa wanasheria wanaosaidia bure, au kwa padri wao. Mimi nilimpa riwaya. Nayaandika haya na uso unanichoma. Nilimwambia, "Mdogo wangu, hadithi yako haina mwanzo wala katikati. Soma hiki, ujifunze mtu anavyosimulia."

Kilikuwa kitabu nilichokipenda kuliko vyote, kisicho na jalada, jina wala mwandishi, na nilikuwa nimewapa nusu ya mtaa. Kinahusu mwanamke anayekimbia na mtoto mchanga siku kijiji kinaposhambuliwa. Mwenye mashine ya kusaga anamficha nyuma ya magunia. Mtoto analia. Yule mzee anawasha mashine na kuiacha ingurume mchana kutwa bila punje moja ya mahindi ndani yake, ili walio nje wasisikie kilio. Mawe yanasagana yenyewe kwa yenyewe mpaka yanatoa cheche. Mama na mtoto wanaokoka. Kila aliyenirudishia kitabu kile alipofika hapo alishusha sauti.

Yeye alikimaliza kwa siku nne. Alipofuata gauni lake, nikamdai haki yangu: simulia kama ulikuwepo. Na yule aliyeshindwa kusema maneno kumi alisema kwa muda wote niliotumia kushona mikono miwili na kola. "Nilimbana kifuani," alisema. "Vumbi la unga likamwingia puani, akapiga chafya." Chafya ile haimo kitabuni. Aliiongeza mwenyewe. Nikasimamisha cherehani, nikampigia makofi, Mungu anisamehe.

"Hivyohivyo!" nikamwambia. "Ukiwasimulia hivyohivyo, nani atakukatalia?"

Nilikuwa na maana ya namna ya kusimulia. Nadhani ndiyo maana niliyokuwa nayo. Aliomba akae na kitabu wiki moja zaidi, nikamwachia, na nilipokuwa nafunga duka siku ile nilijisikia mtu wa maana sana.

Baada ya wiki chache alikuja mteja wangu mwingine, Mkongo wa Uvira, mtu mzima, nadhifu, anayefanya kazi ya ukalimani kwenye ofisi hiyohiyo ya wakimbizi. Alikuwa msomaji wangu mzuri kuliko wote. Alileta koti libadilishwe bitana, na alikuwa anacheka tangu mlangoni.

"Maman, ile kitabu ya mashine ulinipatiaka, imenisaidia ku kazi!"

Nikamuuliza imemsaidia vipi.

"Juzi mama moja wa Burundi alikuja kuhojiwa. Anasimulia muzuri, mpaka afisa ameacha kuandika, anasikiliza tu. Miye natafsiri. Halafu akafika ku mashine ya kusaga. Eish! Nikasema, ngoja kwanza. Hii miye nilisoma kwa Maman Fundi!"

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia afisa, hii si yake, hii ni roman, hadithi ya kitabu. Afisa akamuuliza, sawa, unasema mtoto aliokoka. Sasa yuko wapi? Maman, yule mama alinyamaza. Hata neno moja hakutoa tena. Njia ya mwongo ni fupi."

Alisubiri nicheke naye. Nilitaka kumrushia mkasi. Kazi yake ni kutafsiri, nani alimtuma kuhakiki? Nilimchukia kwa suti yake, kwa marashi yake, kwa kumbukumbu yake nzuri ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeinoa kwa miaka, nikimsifu kwamba hasahau kitu. Lakini mkasi niliuacha mezani. Pepa yangu mimi inasema nimezaliwa Burundi. Nimezaliwa Kigoma, na sijawahi kukimbia kitu ila umaskini. Nilipofika nchi hii nilikaa kwenye kiti kama kile cha kuhojiwa, nikasema uongo niliofundishwa kwenye foleni asubuhi ileile, na nikaaminiwa. Yule mkalimani anajua ninakotoka, kila nikifungua kinywa Kigoma inatoka, na hajawahi kunisema popote. Kwa hiyo nilitabasamu, nikamwambia koti litakuwa tayari Ijumaa.

Barua ilipomfikia yule dada, alinijia nayo asubuhi na mapema, kwa kuwa Kiingereza hasomi. Alikuwa amevaa lile gauni. Nikakaa kwenye kigoda cha wasimuliaji, nikamsomea. Ilisema maelezo yake ni ya kubuni, yametolewa katika kitabu cha hadithi, na kwa hiyo ombi lake limekataliwa. Akitaka kukata rufaa, ana siku chache tu. Nilimtafsiria yote bila kupunguza neno, na hilo ndilo jambo pekee la haki nililomfanyia.

"Ni kweli," akasema. "Ni ya kitabu."

"Kwa nini hukusema yako?"

"Nilianza na yangu. Walikuja, tulikimbia. Halafu akaniuliza, ulikimbia na nani." Akaichukua barua. "Nikasema ya kitabu kwa sababu kule mtoto anaishi."

Kisha akanieleza yake, bila mwanzo wala katikati, na safari hii sikumsahihisha. Mtoto alikuwa na homa siku mbili, ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Zikasikika kelele nje. Akamwacha kitandani, atoke mara moja kuangalia. Njia ilijaa watu wanaokimbia, milio ya risasi nyuma yao, wakampitia, naye akakimbia pamoja nao.

"Watu wakisimulia wanasema hawakuweza kurudi," akasema. "Mimi ningeweza, dada. Nyumba nilikuwa naiona. Niliogopa."

Niliinuka nikabandika maji ya chai, nikayasahau jikoni mpaka yakakauka. Sijui kama ukweli huo ungemwokoa mbele ya yule afisa. Labda naye angemuuliza kwa nini hakurudi. Nilichokijua ni kwamba kwenye rufaa angehitajika mtu wa kusimama na kusema: kitabu ni changu, sharti ni langu, mimi ndiye niliyemfundisha kusema "mimi" mahali ambapo hakuwepo, na mimi ndiye niliyempigia makofi. Mtu huyo angeulizwa yeye ni nani, na angetakiwa kuweka pepa yake mezani.

Alikunja barua mara nne, akaitia kwenye pochi. Alipofika mlangoni akageuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua tu.

"Lakini walijuaje? Kitabu chenyewe hakina hata jina. Kuna mwingine uliyempa?"

Ningeweza kumtajia watu ishirini bila kuvuta pumzi, wa kwanza yule mkalimani. Kila msusi aliyesuka naye kwenye saluni moja alikuwa amekisoma, ila hakuna aliyemwambia. Nikatazama chini, nikaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni.

"Hapana," nikamwambia. "Wewe peke yako."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei.

"Basi ni Mungu aliyewaambia," akasema. "Amekasirika nimesema mtoto yuko hai."

Hakukata rufaa.