Gitaa Lisilosikika Nje

Kama Kibamba kuna mwanamume aliyewahi kuamini kwamba ndoa yake itaokolewa na mashine ya mtumba, basi ni Gervas. Tusimcheke mapema, maana hoja yake ilikuwa na mashiko.

Siku za kazi Gervas huchonga milango na vitanda. Wikiendi hupiga gitaa la solo kwenye bendi ya dansi. Na kila jioni, akishanawa vumbi la mbao, hufanya mazoezi sebuleni kwake kwa ampilifaya kubwa kama kabati la vyombo. Majirani walishakata tamaa ya kulalamika. Mkewe, Margareta, hakulalamika hata siku moja, ila alinyamaza. Mwanamke aliyekuwa anaweza kukusimulia safari ya sokoni mpaka ukajua bei ya kila fungu la nyanya, siku hizi anaweka chakula mezani, anasema "karibu", anarudi jikoni.

Gervas alilitafakari jambo hilo akaona jibu moja tu: kelele. Mke amechoshwa na gitaa. Angeweza kumuuliza, lakini hao ni watu wa Masasi, tena wa rika la zamani kidogo. Mambo ya mume na mke hayazungumzwi sebuleni mtoto akisikia. Huzungumzwa kitandani, taa ikishazimwa, na kitandani nako kulikuwa kimya. Akili ikamwambia kwamba mke akifikia hatua ya kununa mpaka kitandani, anayefuata ni kaka yake kuja kubeba mabegi. Gervas akaogopa kwelikweli.

Ndipo Audax, mpiga gitaa la rithimu, alipomtajia ile mashine. Ni bapa la chuma lenye vibonyezo vya kukanyaga kwa mguu. Unachomeka gitaa huku, unachomeka hedifoni kule, nayo inaigiza sauti ya ampilifaya yoyote unayoitaka. Wewe unasikia dunia nzima masikioni, na wa chumba cha pili hasikii kitu. Gervas alikuwa akiidharau mitambo ya namna hiyo maisha yake yote, akisema ni gitaa la watoto wa kompyuta. Safari hii aliuliza zinauzwa wapi.

Zilikuwa zinauzwa Chang'ombe, kwa Nasser, ambaye babu yake aliuza redio mtaa uleule na baba yake akauza kaseti. Nasser anauza chochote chenye waya kilichokwishachokwa na Wajapani. Gervas alimkuta anapangusa mashine yenyewe kwa kitambaa, na binti yake Wahiba yuko nyuma ya kaunta.

"Shikamoo, mzee," Wahiba akamsalimia.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wa solo!" Nasser akadakia. "Njoo uone mali. Wallahi ukiibeba hii hutorudi hapa kunilaumu."

Gervas aliigeuza juu chini. Rangi ilibanduka kwenye pembe, kioo chake kilikuwa na ukungu, na kibonyezo kimoja kilihitaji kukanyagwa kwa hasira.

"Ya zamani mno hii, Nasser. Waliotengeneza wenyewe wameshaisahau. Ikifa nani anaijua?"

"Na wewe si wa zamani? Mbona bado unapiga?"

Wahiba aliinama kuficha kicheko. Gervas hakukasirika, maana hilo ndilo lililokuwa likimsumbua: mtambo wa kizamani unaweza kukaa miaka, na unaweza kufa wiki ijayo bila kuaga. Ungekuwa ununuzi wa kawaida, angeshaondoka. Lakini alimkumbuka Margareta akisema "karibu" na kurudi jikoni, akaomba kujaribu.

Nasser alikuwa anataka kuwasha spika, adhana ya adhuhuri ikaanza msikiti wa jirani. Duka lile lina desturi yake: adhana ikianza, kila chenye sauti kinazimwa, awepo mteja awaye yote, na hakiwashwi mpaka watu watoke kuswali. Nasser akavaa kofia yake, akampa Gervas hedifoni.

"Jaribu kwa hizi hadi nirudi. Spika hapana."

Kumbe Gervas hakuwahi kuvaa hedifoni. Vijana wa bendi wanazo, yeye alisema ngoma husikilizwa kwa mwili mzima. Akazivaa hivyo hivyo, akachomeka gitaa la dukani, akapiga. Lo! Sauti ilikuwa tamu, nene, ileile aliyoitafuta tangu ujana wake. Akafumba macho. Baada ya muda akayafumbua, akatabasamu kwa furaha ya mnunuzi aliyekamata kasoro. Upande wa kushoto ulikuwa umekufa.

Nasser aliporudi, Gervas alikuwa ameshakunja mikono.

"Mali yako mbovu. Inatoa sauti upande mmoja."

"Haiwezekani."

"Sikiliza mwenyewe."

Nasser akazivaa, Gervas akapiga. "Mbona pande zote mbili zinalia?"

"Usinifanye mtoto, Nasser. Mie nimekula chumvi kwenye haya mambo."

Akaitwa Wahiba. Akasikiliza, akasema zote zinalia, tena kuna mlio unaozunguka unatoka sikio hili kwenda lile, mzuri kweli. Gervas akacheka kwa dharau. Baba na binti, wangesema nini kingine? Mlio huo aliusikia: ulikuja, ukapotea, ukaja, ukapotea. Ndiyo kasoro yenyewe hiyo!

Wahiba hakubishana. Alichukua hedifoni, akazigeuza, akamvisha mzee wa watu kichwani, ya kulia ikakaa kushoto, ya kushoto ikakaa kulia.

"Piga tena, mzee."

Gervas akapiga.

"Sasa iliyokufa ni ya wapi?"

Alifungua kinywa aseme ya kulia, maana ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini kimya kilikuwa palepale, kushoto. Akazigeuza mwenyewe, akapiga, akazigeuza tena. Akazivua. Akasugua vidole karibu na sikio la kushoto kama anayehesabu noti, na vidole vyake mwenyewe havikutoa mlio wowote. Akakaa juu ya sanduku la spika. Miaka yote hiyo jukwaani alisimama kulia kwa ngoma, matoazi yakimpigia sikio hilohilo, na hakuna siku sikio lilimwambia kwaheri.

Nasser, kwa kutaka kumchangamsha, akasema, "Marehemu babu yangu alikuwa hivyohivyo. Bibi akitaka kumtukana anamwendea kushoto, akitaka hela anamwendea kulia. Waliishi vizuri tu."

Wahiba alicheka. Gervas hakucheka. Alikuwa anafikiria bega lake. Mkanda wa gitaa umemuumiza bega la kushoto, halilaliki, kwa hiyo hulala ubavu wa kulia, uso ukutani. Sikio lililo zima limezama kwenye mto. Na Margareta yuko nyuma yake.

"Mungu wangu," alisema, akasimama.

"Vipi, unaichukua?" Nasser akauliza.

Gervas alikuwa ameshafika mlangoni.

Hakumbuki alivyofika Kibamba. Margareta alikuwa kibarazani anachambua mchele, binti yao Yasmini yuko shule. Gervas akavunja desturi ya kwao papo hapo, mchana kweupe, nje ya nyumba.

"Mama Yasmini. Huwa unaniambia kitu kitandani?"

Mikono ya Margareta ikasimama kwenye ungo. "Baba Yasmini, unanichezea shere?"

"Nijibu."

"Wewe ndiye wa kuniambia nikujibu?" Akamkazia macho. "Tangu kabla ya Kwaresma naongea. Nimekuomba tuongee, umenyamaza. Nimekuuliza nimekukosea nini, umenyamaza. Nimelia pale nyuma yako, Gervas! Nikakuuliza, unataka niondoke? Kimya. Kesho yake nikakuuliza tena, ukavuta shuka. Mtu akivuta shuka si ameshajibu?"

Gervas akasogea hatua moja.

"Nimeshampigia kaka Kasiani," Margareta akamalizia. "Anakuja Jumapili kunichukua."

"Sikusikia."

"Hukusikia! Wewe? Wewe unayesema uzi umelegea kabla mwenye gitaa hajajua?" Alicheka, kicheko kibaya. "Tafuta uongo mwingine, huo hata Yasmini hadanganyiki nao."

Ni kweli, nani angeamini? Gervas akakaa kwenye ngazi, akampa mgongo, akaziba sikio la kulia kwa kidole, akakandamiza.

"Sema kama ulivyokuwa unasema. Kwa sauti ileile ya kitandani."

Akasubiri. Kuku wa jirani alipita. Nguo kwenye kamba zilipepea. Akaona mke amekataa kusema, na hana wa kumlaumu. Akageuka.

Margareta alikuwa anasema. Midomo ilikuwa inakwenda, machozi yanamtiririka, na ilionekana wazi kwamba alishaanza zamani. Alipoona macho ya mumewe hayajui lolote, sauti ikamkatikia. Ungo ukamponyoka, mchele wote ukamwagika kibarazani.

"Yesu na Maria," alisema. "Hujasikia hata hilo?"

"Lipi?"

Margareta akajifuta uso kwa kanga. "Na ile mashine uliyoniaga asubuhi unakwenda kuitazama Chang'ombe?"

"Nimeiacha. Nilitaka nivae madude yake masikioni usisumbuke na kelele. Nilidhani umeninunia kwa sababu ya gitaa." Akagusa sikio la kulia. "Ningeliziba na hili moja lililobaki."

Margareta akainuka. Akaruka mchele, akazunguka, akakaa upande wa kulia wa mumewe, karibu kabisa, na safari hii hakunong'ona.

"Unataka niondoke?"

"Hapana!" Gervas alipaza sauti mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Margareta, ambaye masikio yake hayana tatizo lolote, akamwambia arudie.