Kiwiko cha Bomba la Moshi

Mwanangu, katika siku zangu za ujana ipo moja ninayoikumbuka hata nikiwa mezani, na chakula kikakosa ladha. Nilikuwa fundi msaidizi kwenye boti la dizeli lililovusha watu Ziwa Singidani. Maji ya ziwa lile yana chumvi, na injini ilipozwa kwa maji hayohayo, kwa hiyo chuma kililiwa taratibu. Kiwiko cha bomba la moshi kilikuwa kimeoza hadi kidole kinapita.

Fundi mkuu, Mzee Ntandu, alikwenda msibani Issuna, akaniachia kiwiko kipya na gasketi yake. "Fungua hicho, funga hiki. Kikikushinda, boti lisitoke mpaka nirudi."

Basi nikaingiza spana. Bolti ya kwanza ilikuwa imeshikana kwa kutu, nilipoivuta ikataka kukatika. Kusubiri ningeweza, lakini niliona aibu watu waseme nimeshindwa na bolti. Nikachukua udongo wa kichuguu, ule ambao mama zetu huzibia kuta, nikaukanda, nikaziba tundu, nikazungushia bati la kopo na waya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijiona nimewatii kabisa!

Asubuhi nikamwambia nahodha, "Tayari."

Katikati ya ziwa mvua ikashuka, abiria wakateremsha turubai pande zote. Mama Hawa, muuza samaki, akamlaza mtoto wake mchanga kando ya injini kwa kuwa pana joto. Udongo ulishakauka, ukapasuka kwa mtikisiko, moshi ukawa unaingia ndani. Watu wakaanza kulalamika vichwa vinauma. Mama Hawa akamtikisa mwanawe anyonye. Hakuamka.

Nilichana turubai, nikamtoa mtoto kwenye upepo na mvua. Sijawahi kuogopa vile tena. Alikaa kitambo, kisha akapiga chafya, akalia. Nami nikalia.

Mama Hawa akanishukuru mbele ya watu wote, na mimi, bila haya, nikazipokea shukrani zile.

Mzee Ntandu aliporudi jioni nilimwamkia, akanipita akaenda moja kwa moja kwenye injini. Alifungua waya, akautazama udongo. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Wewe ulificha, kifo kikamfuata mtoto wa mwenzio. Nenda ukamwambie mama yake."

Nikaenda. Mama Hawa alinisikiliza huku akinyonyesha, hakunitukana. "Mkishafunga hicho kipya," akasema, "safari ya kwanza utalala wewe pale alipolala mwanangu."

Kesho yake tulizimwagia bolti mafuta, tukazipasha moto, tukangoja. Zikafunguka bila ugomvi, zilikuwa zinataka subira tu. Tukafunga kiwiko kipya, na nikalala kando ya injini, kwenda na kurudi, turubai limeshushwa, Mama Hawa akinitazama.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ikikushinda sema imekushinda. Aibu yake haimalizi hata siku mbili. Na kila unapotaka kusema "tayari", jiulize kwanza kama ungemlaza mwanao hapo. Ukisita, fungua uanze upya.

Mungu akupe mikono ya kweli na ulimi mwepesi wa kukiri, na kosa lako asilipie mtoto wa mtu.