Inshirah na Mama wa Daktari wa Meno

Nilipokuwa nakaa Damanhur, Misri, ghorofa ya chini yangu aliishi mshonaji wa sare za shule aitwaye Inshirah. Alikuwa mjane anayekaribia miaka sitini, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Hatem, fundi wa majokofu. Kila Ramadhani alichagua tamthilia moja ya upelelezi akaifuata kama mtu anayefuata kesi ya ndugu yake. Alitazama marudio ya baada ya Alasiri, cherehani akiwa ameifunika, jirani yake Dawlat akiwa amekaa naye kwenye zulia, wanafunga mchele katika majani ya mzabibu kwa ajili ya futari. Mara nyingi na mimi nilikuwepo, nikifunga yangu vibaya na kuchekwa.

Mwaka ule ilikuwa habari ya daktari wa meno aliyemuua mkewe, na Inshirah hakumpenda mtu hata mmoja ndani yake. Mpelelezi alimtia kinyaa kwa sababu alitafuna mbegu za alizeti amesimama juu ya maiti, maganda anayatia mfukoni. Angalieni, alituambia, hajanawa, na sasa anamshika shavu mtoto wa marehemu. Msaidizi wake alimwita kupe, kwa jinsi alivyojipendekeza. Daktari mwenyewe, mwenye meno meupe kupita kiasi, kila alipotokea kwenye kioo Inshirah alivuta miguu ndani ya gauni kama aliyeona panya.

Lakini hao wote walikuwa nafuu. Aliyemchafua roho hasa alikuwa mama wa daktari, bibi wa heshima zake, mwenye mtandio mweupe na tasbihi mkononi. Katika sehemu ya kumi na tisa mpelelezi alikwenda kumuuliza mwanawe alikuwa wapi siku ya mauaji. Yule mama alimimina chai, akakigeuza kikombe ili kishikio kimwelekee mgeni, akasema kwa upole, "Alikuwa hapa kwangu. Tulikula, akalala." Na sisi sote tulikuwa tumeshamwona akilifua shati la mwanawe lenye damu.

Inshirah akaacha kufunga majani. Alisema mwanamke yule ananuka, na harufu yake inafika mpaka hapa sebuleni. Muuaji angalau aliua kwa hasira, alisema, lakini huyu amemuua marehemu mara ya pili, na mkono wake haukutetemeka hata tone la chai likamwagika. Kisha akainuka kwenda bafuni, na tukamsikia anataka kutapika. Alikuwa na saumu, tumboni hamna kitu.

Aliporudi, Dawlat alikuwa bado anapanga majani kwenye sufuria. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, si mtu wa maneno mengi.

"Mimi namuelewa yule mama," akasema. "Mtoto ni mtoto."

"Usinichefue zaidi, Dawlat."

"Kwani wewe ulisema nini, mama Hatem?"

Inshirah akaketi, akachukua jani jingine.

"Ngazi zilikuwa kavu," Dawlat akasema. "Mimi ndiye niliyemwinua Rabab. Nilipiga magoti pale pale, na gauni langu halikulowa."

Rabab alikuwa mke wa Hatem. Miaka mitatu kabla ya hapo alivunjika mkono kwenye ngazi za jengo letu, akasema mumewe amemsukuma. Koo mbili zikaketi nyumbani kwa Hagi Metwalli, mzee wa mtaa wetu, na Inshirah akasema mbele ya wazee kwamba alikuwa mlangoni, ameona kwa macho yake. Ngazi zilikuwa na maji ya sabuni, binti akateleza. Neno lake likashinda. Rabab akaachwa, akabaki na sifa ya mwanamke mwongo anayesingizia waume. Wachumba wawili waliokuja baadaye waliuliza habari zake mtaani, wakarudi walikotoka.

Inshirah alimuuliza Dawlat kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

"Wewe ni jirani yangu," Dawlat akasema. "Yeye alikuwa mpita njia."

Nilimwona Inshirah akimtazama kama alivyokuwa akimtazama yule mama wa kwenye televisheni. Akamwambia achukue sufuria yake aende. Jioni ile alifuturu kwa tende na maji. Baadaye aliniambia kwamba kilichomkera kuliko yote ni kukumbuka kuwa siku ya kikao aliwapikia wazee chai yeye mwenyewe, na akamuuliza kila mmoja anataka sukari kiasi gani.

Siku tatu baadaye aliniomba nimsindikize kwa kina Rabab, ng'ambo ya reli. Aliogopa kufungiwa mlango akiwa peke yake. Tulimkuta Rabab jikoni anatengeneza biskuti za sikukuu, mikono imejaa unga. Mkono wa kushoto haukunyooka vizuri.

"Nilisema uongo," Inshirah akasema. "Nilimwona akikusukuma."

"Najua ulimwona. Tulitazamana."

"Nimekuja kukuomba..."

"Usiniombe kitu. Uliposema ule uongo walikuwepo wanaume kumi na mmoja. Nenda kawaambie wao. Mimi ukweli ninao tayari, utanisaidia nini hapa jikoni?"

Hatukukaribishwa kukaa. Njiani Inshirah alisema binti yule ana haki, kwamba yeye alikwenda kutafuta njia ya mkato ya kujisafisha.

Alimwambia Hatem kwanza. Hatem alicheka, akasema mama ameharibiwa akili na televisheni. Alipoona mamake hacheki, akasema akithubutu kufungua mdomo, ajihesabu hana mtoto. Inshirah alinieleza kwamba alimtazama mwanawe wakati huo, amenyoa vizuri, kola ya shati imepigwa pasi, pasi aliyoipiga yeye mwenyewe, na kile kichefuchefu kikamrudia.

Hagi Metwalli hakutaka kuwaita wazee tena. Alisema jambo limeshapita, tena mwezi mtukufu. Inshirah akachukua kiti akakaa mlangoni pake tangu Adhuhuri, watu wanapita wanauliza, mpaka Hagi akaona haya akawaita watu. Kati ya wale kumi na mmoja wawili walikuwa wamekufa. Waliobaki walikuja, na Inshirah akawaambia ukweli akiwa amesimama. Mmoja alimuuliza kama anaumwa. Akajibu kwamba alikuwa anaumwa siku ile, leo mzima.

Wazee walimlazimisha Hatem aende kwa kina Rabab kukiri. Alikwenda baada ya sikukuu, akakiri huku anatazama viatu vyake, kisha akahamia Aleksandria. Hajampigia mamake simu tangu hapo. Na Dawlat wanakutana kwenye ngazi, wanasalimiana, basi.

Rabab aliolewa mwaka uliofuata na mwalimu wa shule ya watoto wadogo. Inshirah hakualikwa. Siku moja walikutana soko la vitambaa, Rabab akasema, "Salamu alaikum, mama Hatem," akapita na mumewe bila kusimama. Inshirah aliniambia salamu ile ilimtosha. Kisha akakata uzi kwa meno, akasema hapana, haikumtosha, ila hakustahili zaidi.