Lenzi ya Watoto Tisa

Mama yake Mbwana alikubali picha moja tu. Simu hakuzitaka, alisema zinamwinamia usoni kama nzi. "Labda Mbwana, na ile kamera yake ya filamu," alinong'ona. "Mara moja, kisha mniache nipumzike." Alikuwa hajawahi kupigwa picha na wanawe tisa kwa pamoja, kila mwaka mmoja wao alikuwa mbali. Sasa ugonjwa ulikuwa umewarudisha wote Tandale, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi.

Mbwana, mpiga picha wa harusi kwa miaka thelathini, akaenda Kariakoo kwa Badru, fundi kamera, kuazima lenzi pana. Badru akatandaza kitambaa, akaweka mbili: ya milimita ishirini na moja, na ya kumi na tano.

"Hii ya watu," akasema, akiigusa ya kwanza. "Hii ya majengo. Inameza chumba kizima, braza! Ukizubaa inakupiga na vidole vyako mwenyewe."

"Chumba kidogo, Badru. Tuko tisa."

"Wawili watoke, wasimame nje."

"Nimtoe nani? Mie ndo nimtoe nani?"

Badru akaisukuma ile ya pili mbele yake. "Chukua ya majengo. Ila pembeni usiweke sura ya mtu. Inavuta, inarefusha."

Mbwana akaichukua ya kumi na tano. Pembeni ataweka kabati, aliwaza njiani. Mama atakaa katikati.

Alipofika, kitanda kilikuwa kimegeuzwa kibla. Pumzi za mama zilibadilika asubuhi ile, wakamlaza kwa ubavu wa kulia, ukutani upande wa kushoto, kichwa karibu na mlango. Hakuna ambaye angethubutu kukisogeza tena. Mbwana akasimama kizingitini. Akimweka mama katikati ya picha, ndugu watatu wanakatika. Akimwacha pale alipo, pembeni, wote wanaingia.

Kamera ile ina kitundu chake cha kuchungulia, mbali na lenzi. Jicho haliyaoni yale ambayo lenzi inayafanya. Kwenye kitundu mama alionekana mdogo, mtulivu, mzima.

"Mama, tazama huku."

"Nakutazama, mwanangu. Wote wamo?"

"Wote, mama."

Akabonyeza kitufe cha kuchelewesha, akaiacha kamera kwenye stendi yake, akajipenyeza kati ya ndugu zake.

Walimzika Alhamisi. Khitma ilipokwisha, Mbwana akajifungia bafuni, akasafisha filamu, akaichapa picha. Watoto tisa walikuwa wamejipanga nyuma, wadogo, safi, hakuna aliyekosekana. Mbele yao, pembeni kushoto, taya la mama lilikuwa limevutwa kama donge la chapati, paji la uso limerefuka, jicho moja limekimbilia ukingoni.

Aliificha wiki nzima, mpaka Somoe, dada yao mkubwa, alipomfuata nyumbani kwake.

"Ilete, Mbwana. Mnyonge mie naisubiri."

Akampa. Somoe aliitazama muda mrefu.

"Tumetoka sote," akasema. "Hata mdogo wetu Jabiri, asiyecheka kamwe, hapa kacheka." Kidole gumba chake kilikuwa kimeshafunika ukingo wa kushoto. "Huna nyingine?"

"Alitaka moja tu, dada."

Somoe akamrudishia, uso wa picha chini. "Wajukuu wasiione hii, tafadhali."

Mbwana akaipokea. Hakuweza kumwambia dada yake kwamba tangu siku ile bafuni, kila akifumba macho amkumbuke mama, sura inayomjia ni hiyo.