Alifika, Hakufika

Siku Baldomero alipomkubalia, Eladio alirudi nyumbani anaumwa.

Ubishi wenyewe ulikuwa wa zamani. Fainali ya besiboli, raundi ya mwisho, Wachoma Mkaa wako nyuma kwa pointi moja. Mkimbiaji wao, Osmundo, akatoka kituo cha tatu mbio na kujitupa kwa tumbo kwenye kibao cha nyumbani. Mdakaji wa Wakata Miwa akamgusa na mpira; mkimbiaji akiguswa kabla ya kufika kibaoni, ametolewa. Vumbi likatimka, hakuna aliyeona vizuri. Mwamuzi akanyanyua ngumi: nje. Kombe likaenda kwa Wakata Miwa.

Tangu siku hiyo Eladio anasema Osmundo alifika. Aliyasema hayo kila asubuhi kwenye bustani ya mji, pale penye mabenchi ya mawe wanapokutana wanaume wa besiboli kupigiana kelele. Mgeni akipita hudhani watauana. Wanatiana vidole machoni, wanatukaniana macho na akili, halafu saa sita wanaulizana bei ya maharage na kwenda kula.

Eladio ni mzaliwa wa kinamasini, mtoto wa mchoma mkaa. Alikuja mjini kijana, akafanya kazi kiwanda cha sukari mpaka kikafungwa. Huku kote ni kwa Wakata Miwa. Yeye akabaki na timu ya kwao. Ni timu ya kuanza msimu vizuri. Ikifika Februari mikono ya warushaji wao inachoka, wanapigwa na kila mtu. Msimu ukiisha Eladio husema, "Mwaka kesho." Mwaka kesho ukija, ni yale yale.

Mkewe, Nereida, alikuwa wa Wakata Miwa, yeye na ukoo wake mzima.

"Nimeolewa na moshi," alikuwa akiwaambia majirani.

Fainali ile waliitazama pamoja, wamekaa jukwaani juu kabisa, wanakula karanga. Baadaye Eladio alimuuliza, na aliendelea kumuuliza mpaka wote wawili wakaota mvi.

"Wewe ulikuwepo. Sema haki. Alifika?"

"Sikumwona."

"Ulikuwa unaangalia wapi, mwanamke?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe. Ulivyoachama, nikaona mpaka magego."

Nereida alifariki Novemba, msimu ndiyo kwanza unaanza. Wanaume wa bustanini walikuja wote mazikoni, wamevaa mashati ya mikono mirefu. Eladio akakaa ndani. Redio hakuifungua. Alipika wali ukaungua, akaula hivyo hivyo. Baada ya mwaka mpya, asubuhi moja alivaa kofia yake ya Wachoma Mkaa akaenda bustanini, kwa kuwa nyumba ilikuwa kimya.

Alipofika, kelele zikakatika.

"Karibu, mzee Eladio," akasema Baldomero, akampisha benchi.

Baldomero ni kinyozi, shabiki wa Wakata Miwa wa kufa na kuzikana. Hakuwahi kumwita Eladio mzee kabla ya siku hiyo. Siku zote alimwita Masizi.

Eladio akatupa neno. "Mwaka huu kombe ni letu."

Mwaka huo Wachoma Mkaa hata Februari hawakuingoja, walikuwa wa pili kutoka mkiani.

"Inawezekana," akasema mmoja.

"Wana vijana wazuri," akasema mwingine.

Eladio akawatazama. "Na Osmundo alifika."

Baldomero akainamia viatu vyake. "Alifika, mzee. Nimefikiri sana. Alifika."

Hiyo ndiyo siku aliyorudi nyumbani anaumwa.

Ikawa hivyo kila alipokwenda. Aliwaambia kuwa mrushaji mpya wa Wachoma Mkaa, ambaye hata ukuta angeukosa, ndiye bora nchini. Wakaitikia kwa vichwa. Nyumbani hapakuwa na wa kumwita moshi, na bustanini hapakuwa na wa kumwita Masizi.

Akamwendea Migdalia, muuza kahawa wa pale.

"Hawa wana nini?"

"Wanakuhurumia, baba. Mtu mwenye msiba hatukanwi."

"Mpaka lini?"

"Si mwaka?"

"Mwaka! Wataniua kwa adabu."

"Basi waambie."

"Niwaambieje? Jamani, naomba mnitukane?"

Migdalia akacheka mpaka kahawa ikammwagikia vidoleni. Eladio hakucheka.

Kesho yake alikwenda mapema. Hakukaa. Alisimama mbele ya mabenchi.

"Nimefikiri," akasema. "Osmundo hakufika."

Maneno hayo Baldomero alikuwa ameyangoja tangu ana nywele.

"Ni kweli, mzee," akasema polepole. "Hakufika."

Mtu akaguna nyuma. "We Baldomero, juzi si ulisema alifika?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?" Eladio akamsogelea. "Mtu hawi ndani na nje pamoja. Miaka yote una neno moja. Leo umelipeleka wapi?"

"Mzee, mimi nakuheshimu. Marehemu..."

"Marehemu alikuwa wa timu yako! Wakata Miwa tangu tumboni mwa mama yake. Leo hayupo, ndiyo unachukua kombe lake unawapa Wachoma Mkaa? Angekusikia, angekuchapa ndala."

Shingo ya Baldomero ikavimba. Akatazama wenzake, akamtazama Eladio. Akainuka.

"Nani katoa kombe? Mimi?"

"Wewe."

"Alitolewa!" Njiwa wakaruka. "Alitolewa, Masizi we! Alikuwa mbali, ningemnyoa kichwa kizima kabla hajafika!"

"Alifika!"

"Sasa hivi umesema hakufika!"

"Nilikuwa nakupima, kipofu! Ndiyo maana unakata watu masikio!"

"Mkono wake ulikuwa hewani!"

"Ulikuwa kwenye kibao! Vidole vyote!"

Wengine nao wakainuka, kila mmoja na lake, wakawazunguka. Kofia ya mtu ikaanguka ikakanyagwa. Migdalia akasogeza chupa zake za kahawa pembeni.

Machozi yalikuwa yanamtoka Eladio, na bado anapiga kelele, kidole kiko puani mwa kinyozi. Baldomero aliyaona.

"Hewani!" akamfokea. "Hewani, Masizi, hewani!"

Hakupunguza sauti hata kidogo.