Dawa za Gofu za Karani Changawa

Kati ya Kipini na Bura hapakuwa na mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko karani Changawa, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Kwa miaka tisa alikuwa ameandika barua za ofisi ya Garsen, vibali vya kuvusha ng'ombe na malalamiko ya watu walioliwa mpunga na viboko, na hakuna siku aliyoambiwa aruke, akimbie wala apige kitu. Kisha mwaka wa hamsini na sita akaja Bwana DO mpya, Mzungu mkuu wa ofisi, na mfuko wa fimbo za gofu begani.

Bwana huyo hakuwa na mwenzake wa kucheza. Mzungu wa karibu alikuwa Kipini, na huyo alipenda kuvua samaki tu. Basi mafuriko yalipopungua, wafungwa wakafyeka nyasi nyuma ya ofisi, wakachimba mashimo sita, na kila shimo wakalitia kopo tupu la samli. Kazi ilipokwisha, Bwana DO akaja kusimama mbele ya meza ya Changawa.

"Karani, kesho saa kumi wewe nacheza na mimi."

"Kucheza nini, Bwana?"

"Gofu. Hii amri."

Siku hiyo ya kwanza Changawa aliukosa mpira mara nne. Mara ya tano fimbo ilimponyoka ikaruka hadi kichakani, mpira ukabaki pale pale umetulia. Bwana DO alicheka mpaka akakaa chini. Changawa aliweza kuvumilia jua na mbu, lakini kuchekwa hakukuwamo katika kazi aliyoajiriwa.

Ndipo alipoliona tangazo kwenye gazeti kuukuu la ofisini. Muuzaji mmoja wa Nairobi aliahidi kumgeuza mtu yeyote kuwa bingwa kwa siku kumi na nne, na palichorwa mtu aliyekuwa akitabasamu huku mpira wake ukipotelea mawinguni. Changawa akaagiza kitabu.

Kilifika kwa lori la posta kikiwa na picha sitini. Maneno yalikuwa mengi, kwa hiyo akatazama picha. Alifanya mazoezi jikoni, akiwa ameshika mwiko.

"Baba Loise," mkewe Mbodze akamwambia, "huo mwiko una ugali."

"Tulia, mama. Hapa mkono unatakiwa uwe huru."

Mpira haukujali kitabu. Akaagiza mkanda wa ngozi, ambao kazi yake ilikuwa kuufunga mkono wa kushoto ubavuni. Kwamba kitabu kilitaka mkono huru na mkanda uliufunga, Changawa aliliona. Akaamua kwamba kinachokosekana ni kitu cha tatu cha kuvipatanisha. Akaagiza kofia yenye waya uliotokeza mbele na shanga iliyoning'inia machoni, ili kichwa kisitikisike. Ndani ya kofia mlikuwa na karatasi: kama bado hujafaulu, tuna mikanda ya magoti. Akaagiza mikanda ya magoti.

Ijumaa moja akatokea uwanjani amevaa vyote. Bwana DO alimtazama kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mwenye digrii. Wakati huo Gumato, mwanamke wa Kiorma aliyeleta maziwa kila siku kwenye nyumba za watumishi, alikuwa akikatiza uwanjani na vibuyu vyake viwili. Changawa akainua fimbo. Mkono ulikataa, magoti yakakataa, shanga ikamgonga pua. Akazunguka mzima mzima kama mlango, akaanguka; na mpira, ulioguswa kwa bahati tu, ukaenda kutoboa kibuyu.

Gumato alikuja polepole, maziwa yakimchuruzika kwenye nguo.

"Karani, nani amefunga wewe?"

"Hakuna. Nimejifunga mwenyewe."

"Kwa kosa gani?"

Changawa akajaribu kuinuka, mikanda ikamrudisha chini. Gumato akamfungua mikanda, akamvua kofia.

"Mimi napita hapa kila siku," akasema. "Naona wewe. Hujapiga mpira, macho tayari yamekwenda kutafuta. Angalia mpira mpaka umeondoka. Na piga kule, mimi nipite huku salama."

Jioni hiyo Changawa alivipanga vifaa vyote mezani, akavihoji kama alivyozoea kuhoji walalamikaji: umekuja kwa shida ipi, na shahidi wako nani? Aliona aibu. Aliagiza dawa nne bila kujua anaugua nini, na shahidi pekee alikuwa yule mtu wa kuchorwa. Kisha akakifungua kitabu akasoma maneno kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa tatu ulisema: usiinue macho kabla mpira haujaondoka.

Kitabu akakiweka. Mikanda Mbodze akaitumia kufungia kuni, na sanamu ya kutishia ndege katika shamba la mpunga ikavishwa kofia.

Mwezi mmoja baadaye Changawa alimshinda Bwana DO mashimo manne kwa mawili. Bwana DO hakucheka.

"Karani, kitu gani nasaidia wewe?"

Angeweza kusema ni bahati, maana kumshinda mkubwa si jambo dogo. Lakini alisema kweli.

"Yule mama wa maziwa, Bwana. Ameniambia nitazame mpira. Hata kitabu kinasema hivyo."

Bwana DO alimkazia macho, kisha akatabasamu kama mtu asiyedanganyika upesi. "Wewe nataka ficha dawa," akasema.

Kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe shambani, akaivua sanamu ile kofia, akaipangusa vumbi. Kwa Mbodze akaomba mikanda, kuni zikamwagika. Mchana akamwita Changawa aandike barua kwa yule muuzaji: vifaa vyote vilivyomo katika orodha, viwili viwili, na kama kuna kipya, nacho.

Changawa aliandika neno kwa neno, akabandika stempu.

Bwana DO alipoanza kucheza amejifunga, Gumato aliuacha uwanja, akazunguka kwa njia ndefu ya mtoni, na nyumba za watumishi zikawa zinanywa chai ya rangi mpaka magharibi.