Mzee Aliyeomba Chumvi Nyuma ya Hekalu

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, ndipo aendelee kusoma. Nilikuwa mzima wa akili, nimekunywa chai, na ulikuwa mchana, si usiku. Pombe siijui. Nimezaliwa Mlalo, nimelelewa na kengele ya kanisa la Kilutheri, na habari za mizimu nilikuwa nikiziona maneno ya watu waliokosa kazi. Sasa hivi sithubutu kusema hivyo.

Mimi ni mama lishe hapa Lushoto mjini. Mteja wangu mmoja ni Mama Nilesh, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Kazaliwa hapahapa milimani na Kishambaa anakiongea kuliko vijana wetu wanaojifanya wamekisahau. Mumewe alifariki kabla mimi sijahamia mjini, kwa hiyo sikuwahi kumwona hata kwa mbali.

Msiba ulipotimiza mwaka, Mama Nilesh akaamua kudhamini chakula kwenye hekalu lao dogo. Kwao kulisha watu ni ibada. Anayefika anakula, haulizwi dini wala kabila. Akaniajiri nipike, nami nikakubali upesi nikidhani ni kazi kama ya harusi. Kumbe ina masharti yake. Hakuna kitunguu maji, hakuna kitunguu saumu, na lililonitia jasho zaidi, huruhusiwi kuonja mpaka chakula kitolewe kwanza kwa mungu wao. Hebu fikiri, mpishi asiyeonja! Chumvi nilipima kwa kiganja, nikamwachia Mungu wangu mimi yaliyobaki.

Tulipokuwa tunamenya viazi asubuhi ile, Mama Nilesh akanieleza kinachomsumbua. Mumewe siku ya mwisho aliondoka nyumbani kwa hasira, hakugusa chakula, akaenda dukani na njaa. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa. Mwaka mzima mama huyu alikuwa halali vizuri. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama mumewe amemsamehe au ameondoka na kinyongo. Na jibu, akasema, litaletwa na kunguru.

Ndiyo, kunguru. Kwa desturi yao sahani ya marehemu huwekwa nje kwanza. Kunguru akishuka akala, marehemu ameridhika. Asipokula, kuna jambo. Nilimhurumia, lakini moyoni nilicheka. Kunguru wa Lushoto nawajua mimi, wale wakubwa wenye shingo nyeupe. Wanaiba hata sabuni. Wakatae viazi?

Sahani ile Mama Nilesh aliipika kwa mikono yake, kwenye sufuria ndogo, hakutaka nimsaidie. Akaiweka kwenye ngazi za uani, nyuma ya hekalu. Ua ule umezungushiwa ukuta na una mlango mmoja tu. Kisha tukasubiri.

Kunguru walikuja. Walijaa juu ya bati wakakaa kimya, wakitazama sahani, na hakuna hata mmoja aliyeshuka. Ukungu nao ukateremka kutoka msituni, baridi ikatuingia. Huko mbele watu walikuwa wamejaa, wachukuzi wa sokoni, bibi vizee, wageni wa Kihindi kutoka Tanga, na wote njaa inawauma, maana hakuna anayekula kabla ya marehemu. Wachukuzi wakaanza kunung'unika. Mama Nilesh alisimama karibu na mlango wa mbele, uso umemshuka, hamtazami mtu. Mwanawe Nilesh alimwomba aketi, akakataa.

Nikaenda uani kuongeza kuni kwenye jiko. Ndipo nikamkuta mzee wa Kihindi ameketi kwenye ngazi, pembeni ya ile sahani. Alivaa sweta ya kijivu, miguu peku. Nikajua ni mgeni wa Tanga amechoka kusimama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaendelea kwa Kishambaa safi kabisa. Hilo lilinishangaza kidogo. Mtu wa Tanga kakijulia wapi?

Akachovya kidole kwenye viazi vya sahani, akakilamba, akatikisa kichwa. Nilitaka kumwambia asiguse, ile si ya watu. Kabla sijafungua kinywa akaniomba munyu, yaani chumvi. Sasa wewe, mzee mwenye njaa akikuomba chumvi, utamnyima? Nikampa kopo langu.

Niamini, ninachokueleza sasa nilikiona karibu, kama ninavyouona mkono wangu. Hakuinyunyiza kwenye chakula. Alijimiminia kiganjani, kikajaa, akalamba yote. Akamimina tena, akalamba tena, macho kayafumba, kama mtoto mchanga anayenyonya. Mtu yeyote angetapika. Nywele zilinisimama.

Alipomaliza akanitazama, akasema taratibu, "Bado ananinyima."

Hapohapo kunguru wote wakashuka kwa pamoja. Mabawa yalinipiga kichwani, nikajifunika uso kwa khanga. Nilipofunua, sahani ilikuwa haionekani kwa kunguru, wanakula na kugombana. Mzee hayupo. Mlango wa ua ulikuwa nyuma yangu, na mimi nilikuwa nimeuziba. Apite wapi? Kopo lilikuwa kwenye ngazi. Ndani hamna hata chembe, limekauka kama limeoshwa na kuanikwa.

Huko mbele nikasikia watu wanashangilia, wameona bati limebaki tupu, basi kunguru wamekula. Nikaitwa kupakua. Nilipakua wali na dengu macho yakiwa kwenye mlango wa uani, hata nikamwagia mchukuzi mmoja vidoleni. Nikamuuliza Nilesh kuhusu mgeni mzee wa sweta ya kijivu. Akasema wageni wote wamefika kwa gari moja na hakuna mzee kati yao.

Watu walipoondoka nilimkuta Mama Nilesh anasuuza vyombo, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Ningenyamaza? Wengine wameniambia ningenyamaza. Lakini nilikuwa bado nimelishika lile kopo tupu, na yeye akaliona, akaniuliza nina nini. Nikamweleza. Nilipofika kwenye munyu, sahani ikamtoka mkononi.

Akaketi chini, kwenye maji yaleyale ya vyombo. Akaniambia mumewe alikuwa na presha, daktari alimkataza chumvi kabisa. Yeye ndiye aliyeificha, akaifungia kabatini, funguo akawa anatembea nazo. Asubuhi ile ya mwisho mzee alimsihi ampe kidogo tu, ya kuweka kwenye viazi. Akakataa. Mzee akasukuma sahani, akatoka. Na leo, alipompikia tena, mkono ulikuwa umeshazoea. Hakuweka chumvi, na wala hakukumbuka.

"Alisema neno?" akaniuliza.

Nikamwambia alivyosema. Mama Nilesh akaiokota ile sahani majini, akaipakata. Kisha akasema, "Ningempa, ningemuua. Nikamnyima, akafa hivyohivyo."

 Wewe una jibu la kumpa?

Hekaluni bado napika, maana Mama Nilesh anadhamini chakula kila mwaka, na siku hizi chumvi anaitia mwenyewe, mbele yangu, kwa mkono uliojaa. Kunguru wanashuka hata kabla hajaweka sahani chini. Lakini uani siendi peke yangu, hata unilipe.

Ninachokuonya ni hiki. Ukimpikia marehemu, mpikie alichokipenda, si kile ulichoona wewe kinamfaa. Alipo sasa hahitaji tena kutunzwa.

Na walio hai je? Hapo ndipo ninaposhindwa. Mama yangu nimemchukua kutoka Mlalo, anaishi nami, na daktari amemkataza chumvi. Ananiomba kila siku, kwa upole, kama kwamba mimi ndiye mzazi. Namnyima, maana nataka aishi. Lakini nikishamwekea sahani mbele yake sikai naye tena. Natoka nje haraka, nisisikie atakachosema.